Saumu ya jikoni, saumu ya mfungo na swali la nani ananuka

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, aliniandikia wakati wa mwezi wa Ramadhani. Wanafunzi wake walikuwa wamembana kwa swali: kwa nini kile kitunguu kidogo chenye punje kinaitwa kitunguu saumu? Mmoja wao alikwisha kujijibu, tena kwa kujiamini, kwamba kinaitwa hivyo kwa sababu kinaliwa sana na wanaofunga. Mwingine akadai kwamba ukikila inakubidi ufunge mdomo, la sivyo watu watakukimbia. Hilo la pili limenichekesha mno. Si asili ya neno, lakini kama maelezo ya historia haliko mbali na ukweli.

Jibu la neno lenyewe ni fupi. Hayo ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani na kufanana sura, kama watu wawili wasio na undugu wowote. Saumu ya kufunga ni neno la Kiarabu, sawm, linaloanza kwa herufi nzito ya swadi. Kitunguu nacho kwa Kiarabu ni thum. Ukienda Marikiti kule Mombasa utasikia watu wakiyatenganisha hadi leo: aliyefunga yumo katika swaumu, na kilichomo kikapuni ni kitunguu thomu. Bara, ambako sauti ya th huwapa wengi taabu ulimini, th iligeuka s. Ndivyo thumuni, ile senti hamsini yetu, ilivyokuwa sumuni, ilhali asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Tahajia sanifu ikayavisha maneno hayo mawili kanzu moja, na mwanafunzi akaachwa ajitafutie undugu usiokuwapo.

Ila historia nayo ina mzaha wake. Saumu hizi mbili, zisizo na nasaba moja, zimekutana mahali pamoja: kinywani, katika mazungumzo kuhusu harufu. Katika mapokeo ya Kiislamu imehadithiwa kwamba mwaka wa vita vya Khaybar, yaani 628, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwataka waliokula kitunguu saumu wasiingie msikitini. Mapokeo hayo hayo yanasema kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga, ile ya tumbo tupu inayomtia mtu haya mchana wa Ramadhani, mbele ya Mwenyezi Mungu ni bora kuliko miski. Saumu moja inakutoa msikitini kwa harufu yake. Nyingine, harufu yake ni heshima.

Hebu tulitazame katazo hilo kwa makini, maana lina jambo ambalo nitalihitaji baadaye. Abu Ayyub al-Ansari, aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, alimpelekea chakula chenye kitunguu saumu kikarudi hakijaguswa. Akaingiwa na hofu, akauliza iwapo ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu. Harufu yake tu ndiyo isiyopendwa. Khalifa Umar naye, alipowahutubia watu, aliwaambia kwamba anayetaka kuvila vitunguu avipike kwanza mpaka harufu yake ife. Kwa hiyo katazo lilihusu saa na mahali. Ukila kibichi leo, usiwakere wenzako leo. Kesho nafasi yako ya swala inakungoja. Hakuna aliyesema kwamba kuna watu wa kunuka.

Kiswahili chenyewe kina njia yake ya kuyapima mambo haya. Tuna kitenzi nuka, na tuna nukia. Samaki aliyeoza ananuka. Ua linanukia, pilau inanukia, bibi harusi aliyefukizwa udi ananukia. Lugha nyingine zinahitaji kuongeza neno la "vizuri" au "vibaya", lakini sisi tumemaliza kazi kwa kiambishi kimoja, kile kile cha kutendea tunachokipata katika pikia na letea. Ni kana kwamba kitu kinachonukia kinamnukia mtu, kwa faida yake. Na kutoka nuka hiyo hiyo tukapata nusa. Hakuna kunuka pasipo pua ya mwingine, na pua hiyo ina kwao, ina dini yake, na ina chakula ilichokizoea tangu utotoni.

Kitunguu saumu ni shahidi mzuri wa hilo, kwa kuwa kimepita katika pua nyingi. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 11, Waisraeli wakiwa jangwani wanalilia vyakula vya Misri, na kitunguu saumu kimo katika orodha pamoja na samaki na matango. Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema alionyeshwa maandishi kwenye piramidi ya Khufu, na mkalimani akamwambia kwamba yanataja talanta 1,600 za fedha zilizotumika kuwanunulia wajenzi figili, vitunguu na vitunguu saumu. Wasomi wengi hawaamini kwamba mkalimani yule alijua kusoma alichokuwa akikionyesha. (Waongozaji watalii hawakuanza jana.) Lakini hata uongo huo unatufaa: ulikubalika kwa sababu kila mtu alijua kwamba kitunguu saumu ni chakula cha mtu wa kazi ya sulubu.

Hapo ndipo harufu ilipoanza kutenganisha matabaka. Horace, mshairi wa Roma, alialikwa na tajiri Maecenas, akalishwa kitunguu saumu, tumbo likamwaka moto. Akatunga shairi zima la laana, akishangaa matumbo ya wavunaji mashambani yameumbwa kwa nini, na akimwombea Maecenas kwamba akirudia mzaha huo mpenzi wake amkatalie busu na alale pembeni kabisa mwa kitanda. Katika hekalu la Mama wa Miungu huko Ugiriki, aliyekula kitunguu saumu hakuruhusiwa kuingia. Inasimuliwa kwamba mwanafalsafa Stilpo alikula akashiba, kisha akalala humo humo. Mungu huyo wa kike akamtokea ndotoni kumkemea kwa kuvunja sheria. Stilpo akamjibu ampe kitu kingine cha kula, naye ataacha. Nalipenda jibu hilo kuliko falsafa yake. Na katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyochapishwa 1615, bwana anamwasa mtumishi wake Sancho, anayekwenda kutawala "kisiwa", asile vitunguu wala kitunguu saumu, watu wasije wakamjua kwa harufu kwamba ni mtoto wa mkulima. Karne 16 baada ya Horace, na pua bado inauliza swali lile lile: huyu ametoka jikoni kwa nani?

Lakini harufu ya tabaka mtu anaweza kuiacha akipanda cheo. Yako mambo mazito zaidi ya hayo. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, Wayahudi wanatajwa kama "walaji wa kitunguu saumu", na wanatajwa hivyo na wenzao wenyewe bila haya. Talmudi inasema kukila usiku wa kuamkia Sabato ni desturi njema iliyowekwa na Ezra, na inakisifu kwamba kinashibisha, kinapasha mwili moto, kinang'arisha uso na kuongeza mapenzi nyumbani. Yaani kwao kilikuwa kinanukia. Nje ya nyumba zao hadithi ilikuwa nyingine. Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa karne ya 4, anamsimulia Mfalme Marcus Aurelius akipita Palestina na kuchukizwa na Wayahudi aliowaita wanukaji. Na Ulaya ya Zama za Kati ikaja na imani kwamba Myahudi ana harufu ya kuzaliwa nayo, ambayo sabuni haiiondoi na ubatizo unaiondoa.

Tofauti na katazo la msikitini ni kubwa. Kule Madina harufu ilitoka katika chakula na ikaisha pamoja na chakula. Ulaya harufu ilitolewa jikoni ikahamishiwa katika damu. Mtu hakuwa tena amekula kitu; alikuwa ni kitu. Daktari mmoja Mwingereza wa mji wa Norwich, Thomas Browne, aliliona kosa hilo. Katika kitabu chake cha 1646 kuhusu imani potofu za watu wa wakati wake, alitenga sura nzima kukanusha kwamba Wayahudi wananuka. Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka: ni vigumu taifa zima kuwa na harufu moja, sheria zao za chakula ni za watu wenye kiasi, na maji ya ubatizo hayaoshi jasho. Sidhani kama aliwashawishi wengi.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo siwezi kulipita. Kitunguu saumu kwa Kiebrania ni shum, ndugu wa damu wa thum ya Kiarabu, na kwa njia hiyo ni binamu wa thomu yetu ya Mombasa. Kando ya mto Rhine nchini Ujerumani kulikuwa na jumuiya tatu mashuhuri za Kiyahudi: Speyer, Worms na Mainz. Herufi za kwanza za majina yao ya Kiebrania zikiunganishwa zinasomeka Shum, na kwa jina hilo ndipo zinapojulikana hadi leo. Mwaka 1096 watu wa vita vya msalaba waliziangukia jumuiya hizo kwa mauaji. Mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza masalio yake katika orodha ya urithi wa dunia, kwa jina hilo hilo la Shum.

Msomaji asidhani kwamba Wazungu siku zote walikuwa upande wa wanaonusa. Wajapani waliishi karne nyingi bila kula sana nyama ya ng'ombe, na maziwa yalikuwa nadra. Amri ya kukataza nyama fulani ilitolewa na mfalme wao mwaka 675, chini ya mvuto wa dini ya Budha. Wageni wa Ulaya na Marekani walipofunguliwa milango karne ya 19 waliingia na mapishi yao ya siagi na nyama, na mwaka 1872 Mfalme Meiji mwenyewe alikula nyama ya ng'ombe hadharani ili watu wake waige. Lugha ikayarekodi yote hayo kwa neno moja: bata-kusai, yaani "anayenuka siagi". Bata ni siagi, kusai ni kunuka. Lilianza na jasho la mgeni, likaishia kuwa neno la kumsema Mjapani yeyote anayejitia Uzungu. Mwaka 1903 mtaalamu wa maumbile ya mwili, Adachi Buntaro, akachapisha makala kwa Kijerumani kuhusu harufu ya Wazungu, kwa utulivu ule ule ambao wataalamu wa Ulaya waliuonyesha walipoandika kuhusu harufu za watu wengine.

Je, siagi ndiyo ilikuwa na hatia? Kwa sehemu tu. Mwaka 2006 wanasayansi wa Japani walitambua jeni inayoamua kama nta ya sikio itakuwa kavu au ya majimaji, na baadaye ikajulikana kwamba jeni hiyo hiyo inahusika na kikwapa. Watu wengi wa Asia Mashariki wana umbo la jeni linaloleta nta kavu na kwapa lisilotoa harufu kali. Sisi Waafrika na Wazungu wengi tuna lile jingine.

Sasa tuingie mwilini, kwa sababu hapa ndipo maneno yetu yanapochanganya mambo. Jasho lenyewe linapotoka karibu halina harufu. Kikwapa, au kutuzi kama wasemavyo wengine, ni kazi ya bakteria wanaolila jasho la makwapani na kuacha makombo yanayonuka. Chakula kinaweza kubadilisha jambo hilo, lakini pia kina njia yake ya pekee, nayo ilibishaniwa sana. Mwaka 1935 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Haggard na Greenberg, walidai kwamba harufu ya kitunguu saumu inatokana na vipande vilivyobaki kinywani, basi kinachotakiwa ni kusafisha kinywa. Mwaka uliofuata Blankenhorn na Richards wakamchukua mgonjwa aliyekuwa akilishwa kwa mpira ulioingia moja kwa moja tumboni, wakampitishia supu ya kitunguu saumu humo. Hakuna tone lililogusa ulimi wake. Saa kadhaa baadaye pumzi yake ikanuka kitunguu saumu.

Maelezo yake leo ni haya. Punje ikiwa nzima haina makali. Ukiiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa katika chembechembe zake kinakutana na kemikali yenye salfa, na mara inazaliwa alisini, ile harufu inayojaa jikoni. Alisini haidumu, inavunjika kuwa vitu vingine, na kimoja, alili methili salfaidi, ni kikaidi. Tumbo halikimalizi, ini halikimalizi. Kinaingia kwenye damu, kinafika mapafuni, kinatoka kwa pumzi na kwa jasho, na chaweza kuendelea hivyo hadi kesho yake. Kwa hiyo aliyepiga mswaki mara tatu na bado ananuka si mchafu. Kutafuna iliki au karafuu, kama wafanyavyo wengi Pwani, kunaifunika harufu kwa muda. Maziwa yenye mafuta, yakinywewa pamoja na chakula, yanaipunguza kweli. Hilo limepimwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Na ushauri wa Khalifa Umar una msingi wake: moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, mradi tu usiwe umekwisha kuponda punje na kuziacha.

Uwatu nao una njia kama hiyo. Zile mbegu chungu anazopewa mzazi aliyejifungua ili maziwa yatoke zina kemikali iitwayo sotoloni, inayopita mwilini na kutoka katika jasho na mkojo ikinukia kama sukari iliyoungua. Madaktari wa ng'ambo wamewahi kuandika kuhusu vichanga wenye afya waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya mkojo wa mtoto unukie kama asali ya miti ya Kanada. Kumbe mama alikuwa amekunywa uwatu kabla ya kujifungua. Chakula kilisomwa kama ugonjwa, na ni heri ya kosa lililogunduliwa hospitalini mapema.

Kwetu Kenya makosa ya aina hiyo hayafiki hospitalini. Yanaishia bwenini. Katika shule ya bweni niliyosomea kulikuwa na mvulana aliyetoka pande za ziwa, ambaye kila muhula alirudi na mkebe wa omena zilizokaangwa. Haikupita wiki mbili akaitwa Shombo. Aliyembandika jina hilo alitoka kwa wafugaji, na yeye naye hakuchelewa kuitwa Samli. Sisi wa githeri tulikuwa zaidi ya nusu ya bweni, na maharagwe yetu usiku hayakuwa na siri, lakini hatukupewa jina lolote. Tulikuwa wengi. Hewa ya bweni ilikuwa yetu, na harufu ya walio wengi huitwa hewa. Yule wa omena aliacha kuja na mkebe alipofika kidato cha 2. Jina halikumwacha.

Shombo, kwa hakika, ni neno la mikono na nguo zaidi kuliko la mwili. Linatokana na trimethilamini, kemikali inayozaliwa samaki anapoanza kuharibika, na ndiyo sababu wavuvi na wapishi wa Pwani hunawa kwa ndimu: asidi ya ndimu inaibana kemikali hiyo isiruke hewani. Anayekula samaki haondoki na shombo mwilini, kwa kuwa ini huigeuza trimethilamini ikawa kitu kisicho na harufu. Isipokuwa kwa wachache. Wapo watu waliozaliwa na ini lisiloweza kazi hiyo. Wakila samaki, mayai au maharagwe, pumzi na jasho lao hutoa shombo. Madaktari waliieleza hali hiyo na kuipa jina mwaka 1970. Mpaka hapo, na kwingi hata baada ya hapo, watu hao waliambiwa wakaoge. Sabuni ya kawaida haiimalizi harufu hiyo. Kinachosaidia zaidi ni kujua ni vyakula gani vya kupunguza, na hilo linahitaji mtu wa kukueleza badala ya mtu wa kukukunjia pua.

Nimalizie huko Prague, katika Jamhuri ya Czech, ambako Jan Havlíček na wenzake waliamua kuacha kubishana na kunusa. Katika jaribio lililochapishwa 2006, wanaume 17 walikaa wiki mbili wakila nyama nyekundu na wiki mbili nyingine bila nyama, kisha wakavaa vitambaa makwapani, na wanawake 30 wakavinusa. Harufu ya siku za bila nyama ilipendwa zaidi na ilikuwa pole zaidi. Mwaka 2016 wakaja na majaribio ya kitunguu saumu, yaliyowahusisha wanaume 42. Wengi tungetabiri matokeo, na wengi tungekosea. Gramu 6 hazikuleta tofauti. Gramu 12, takriban punje 4, zilifanya vitambaa vya waliokula vipewe alama za juu kuliko vya wasiokula: vya kupendeza zaidi, na si vikali. Watafiti wanakisia kwamba kitunguu saumu hupunguza bakteria wa makwapani. Kwa hiyo mtu yule yule, kwa mlo ule ule, kinywa chake kinanuka na kwapa lake linanukia. Wanawake walionusa hawakuambiwa nani alikula nini, wala wanaume hao walikuwa nani.